Oicha: Kakao yavuka mpaka bila jina, sabuni yauzwa bila etiketi

Katika soko la Oicha, makao makuu ya eneo la Beni, kilometa 30 hivi kaskazini ya mji wa Beni, vitu vingi vinavyotengenezwa na wakaaji vinauzwa bila jina. Mafuta ya mawese yako katika bidoni za njano, asali katika chupa za maji zilizokwisha kutumiwa, sabuni kwa vipande, kahawa ya kusagwa katika sashe nyeupe. Mnunuzi akipenda alichonunua, kesho hajui amtafute nani. Asipopenda, hajui pia amlalamikie nani.

Ukiwauliza wachuuzi, wengi watakuambia kwamba jina na alama ni mambo ya kampuni kubwa za Kinshasa, zile za bia na za simu. Hoja hiyo inaeleweka, kwa sababu anayetafuta makuta ya chakula cha leo hawezi kufikiria michoro na rangi. Lakini inamgharimu sana, hasa hapa, ambapo mashambulizi ya ADF yamewatawanya wateja na wauzaji kwa zaidi ya miaka kumi.

Mfano mkubwa kuliko yote uko mashambani. Eneo la Beni ni moja ya sehemu zinazotoa kakao nyingi zaidi nchini. Sehemu ya kakao hiyo inapita mpaka wa Kasindi ikiwa na karatasi zake, na sehemu nyingine inavuka kwa magendo kuingia Uganda, jambo ambalo wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameliandika katika ripoti zao. Ng'ambo ya mto Semliki kuna wilaya ya Bundibugyo, inayojulikana kwa kakao huko Uganda. Gunia la Mbau au la Oicha likifika upande ule linachanganywa na mengine, na kuanzia hapo linaitwa kakao ya Uganda. Mkulima wetu amelima, pengine amezika ndugu yake shambani, na sifa imekwenda kwa jirani.

Mwezi wa 12 wa mwaka 2024, bei ya kakao katika soko la New York ilipita dola 12,000 kwa tani, bei ambayo haikuwahi kuonekana. Mwaka mmoja baadaye ilikuwa imeanguka kwa zaidi ya nusu. Bei ikipanda namna ile, kila mtu ananunua chochote: mbegu zilizovunwa mapema, zilizoibiwa usiku, zilizochachushwa siku mbili badala ya sita. Ikishuka, mnunuzi anaanza kuchagua, na wa kwanza kuachwa ni yule ambaye mzigo wake haujulikani umetoka kwa nani. Hapo ndipo faida ya jina inapoonekana. Wakati wa bei nzuri mtu anaweza kuuza hata bila jina.

Kwa upande wa kahawa, watu wa Ruwenzori walikwisha kuonyesha njia. Kwa miaka mingi kahawa yao ilivuka mpaka na kuuzwa Uganda kwa bei ya chini. Koperative Kawa Kanzururu ikawakusanya wakulima, ikajenga vituo vidogo vya kuoshea kahawa karibu na mashamba, kisha ikaanza kuuza Ulaya kwa jina lake mwenyewe. Mtu wa hapa hahitaji kufasiriwa neno Kanzururu, anauona mlima huo kukiwa na anga safi. Lakini tuangalie kilichotangulia: maji safi na kuchambua punje, ndipo jina likafuata. Kama wangeanza na karatasi nzuri juu ya kahawa ile ile ya zamani, mnunuzi wa Ulaya angenunua mara moja tu.

Mfano wa pili uko Mutwanga. Hifadhi ya Virunga ilifungua huko kiwanda cha chokoleti kinachotumia umeme wa maji ya mlimani, kwa msaada wa fundi wa chokoleti kutoka Ubelgiji, Dominique Persoone. Kakao ni ya wakulima wa kwetu, na chokoleti inabeba jina la Virunga. Mtu wa Brussels asiyejua Oicha iko wapi anajua Virunga ya sokwe. Ni kazi nzuri. Ila tuseme ukweli: nyuma ya jina hilo kuna hifadhi nzima, kuna turbini, kuna wafadhili. Semina nyingi za ujasiriamali zinawapa vijana mifano ya namna hii, kisha zinawarudisha nyumbani na cheti na picha. Mama anayepika sabuni Oicha hana turbini.

Anacho nini, basi? Ana mkono wake, na ana watu wanaomjua. Oicha yenyewe ilipata sifa kwa njia hiyo. Tangu miaka ya 1930, daktari mmisionari Mmarekani Carl Becker na wauguzi Wakongo walijenga hapa hospitali ambayo wagonjwa wa ukoma waliifuata kutoka mbali sana. Hakuna aliyebandika tangazo. Aliyepona alirudi kwao akasimulia, na mwingine akaanza safari.

Kwa sabuni, kusimulia huko kunategemea jambo dogo: kipande cha wiki hii kiwe sawa na kile cha wiki iliyopita, kwa uzito na kwa povu. Hapa ndipo biashara nyingi zinapovunjika. Bei ya soda kostiki inapanda, mtengenezaji anapunguza kipimo bila kusema, mteja anagundua akiwa mtoni na nguo zake. Ni afadhali kuongeza franka 100 na kueleza sababu, kuliko kupunguza kimyakimya.

Baada ya hapo ndipo etiketi inapoingia. Hata ya fotokopi, nyeusi na nyeupe, inatosha, mradi ionyeshe jina, mahali, uzito, tarehe na namba ya simu. Namba ya simu ndiyo muhimu kuliko mchoro. Aliyekimbia Eringeti akaanza tena Beni au Butembo ameacha kibanda, meza na majirani, lakini mteja mwenye karatasi yenye namba yake anaweza kumpata. Kuna pia suala la chupa. Asali nzuri iliyowekwa katika chupa yenye jina la kampuni ya maji inaitangaza kampuni ya maji. Tena mtu mwingine anaweza kutia sukari iliyochemshwa katika chupa kama hiyo, na mteja asione tofauti mpaka aonje.

Lakini wafanyabiashara wana sababu nyingine ya kujificha, na semina haziizungumzii. Anayeandika jina lake juu ya mlango anaonekana na watu wote, wakiwemo maajenti wa taksi, kila mmoja na karatasi yake, na wakiwemo watu wenye silaha wanaotafuta mwenye pesa. Katika hali hiyo, kukosa jina kunakuwa kinga. Sitamlaumu mama anayeamua hivyo. Ninachoona ni kwamba Leta haiwezi kuwaambia vijana wajitangaze, halafu ikawapelekea watoza kodi watano kabla hawajauza katoni ya kwanza.

Sheria nayo iko mbali. Wengi wanaamini kwamba ukipata namba ya RCCM, jina la bidhaa yako limekwisha kulindwa. Sivyo. RCCM inaandikisha biashara. Alama ya bidhaa inaandikishwa peke yake, kwenye wizara ya viwanda Kinshasa, chini ya sheria ya tarehe 7 mwezi wa kwanza 1982 kuhusu mali ya viwanda, na inalindwa kwa miaka kumi kabla ya kuhuishwa. Isitoshe, Kongo haimo katika OAPI ya Yaoundé wala ARIPO ya Harare. Ingawa nchi yetu iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, alama iliyoandikishwa Kinshasa haina nguvu Kampala. Anayetaka kuuza ng'ambo ya Kasindi inabidi aiandikishe huko pia, la sivyo jina lake linaweza kuchukuliwa na mwingine. Tangu Goma ilipoanguka mikononi mwa M23 mwezi wa kwanza 2025, serikali ya mkoa inafanya kazi kutoka Beni. Ofisi ya kupokea maombi ya alama na kuyatuma Kinshasa ingeweza kufunguliwa hapo, mwendo wa saa moja hivi kwa moto kutoka Oicha.

Na muda unakwenda. Umoja wa Ulaya umepitisha sheria inayokataza kakao na kahawa kutoka mashamba yaliyokatiwa msitu baada ya mwaka 2020. Imeahirishwa mara mbili, na sasa kampuni kubwa zitaanza kuifuata tarehe 30 mwezi wa 12 mwaka 2026. Mnunuzi atatakiwa kuonyesha mahali pa kila shamba, kwa vipimo vya GPS. Kakao isiyo na jina haitaingia huko kwa njia halali. Koperative zilizokwisha kuwaandika wanachama wao na mashamba yao zina pa kuanzia. Ila kuna mashamba upande wa mashariki ya Mbau, kuelekea Kamango, ambayo wenyewe wameyaacha kwa kuogopa kuuawa. Kabla ya mtu kwenda kuyapima na simu mkononi, jeshi litapaswa kwanza kusema kama njia iko wazi.