Picha za Maiti Zisivunje Heshima ya Marehemu

Katika matanga mengi hapa Kanduyi, na hata kwingineko Bungoma na Kitale, hufika saa ambapo mpiga picha huitwa mbele ya jeneza. Wajane, watoto na wajukuu husimama kwa zamu kando ya mpendwa wao. Zamani, kamera ilipokuwa adimu vijijini, huenda picha hiyo ikawa ya pekee ambayo jamaa walibaki nayo.

Wapo wanaoibeza desturi hii kuwa ni ushamba. Hao hawajasoma historia. Baada ya ufundi wa picha kutangazwa Paris mwaka 1839, Waingereza wengi waliofiwa na watoto wachanga waliwaita wapiga picha nyumbani, kwani mtoto alifariki kabla hajapigwa picha hata moja. Malkia Victoria mwenyewe, aliyefiwa na mumewe Albert mwaka 1861, alitundika picha ya maiti yake juu ya kitanda. Wanafunzi wajue pia kwamba madai yaliyoenea kuwa maiti walisimamishwa kwa vyuma ili waonekane hai si ya kweli. Vyuma hivyo viliwasaidia walio hai kutulia, kwa kuwa picha ilichukua muda mrefu kupigwa.

Jambo kuu ni kwamba, kwao na kwetu, picha iliombwa na wafiwa na kuhifadhiwa nao.

Linalotusikitisha leo ni jambo tofauti kabisa. Ajali inapotokea katika barabara ya kwenda Malaba, wapo wanaotoa simu kabla ya kutoa msaada. Picha za miili iliyojeruhiwa husambazwa papo hapo, na mzazi anaweza kupata habari za kifo cha mwanawe kupitia simu ya jirani. Huo si ukumbusho, bali ni unyama. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Wabukusu, ambao huwaenzi wazee wao kwa hotuba ya kuswala kumuse, wanafahamu kuwa marehemu bado ana heshima yake. Twawahimiza walimu wawafunze vijana kanuni moja nyepesi: picha ya maiti ni mali ya wafiwa. Asiyeruhusiwa nao asiipige, na aliyetumiwa asiisambaze. Kamati za mazishi nazo zitangaze hivyo waziwazi kabla jeneza halijafunguliwa.