Barua ya Ufadhili Isichelewe

Kila mwaka wapo vijana wa Unguja na Pemba wanaopata nafasi katika vyuo vikuu vya Uingereza. Hiyo ni fahari ya Visiwa, lakini kupata nafasi siko kufika darasani.

Tangu mwaka 1980 nchi hiyo huwatoza wanafunzi wa kigeni gharama kamili za masomo. Juu ya ada, mwombaji wa viza anayejilipia hudaiwa kuonyesha fedha za kujikimu, zilizokaa benki siku 28 mfululizo. Anayefadhiliwa na Serikali huonyesha barua ya mfadhili wake. Masomo mengi huanza Septemba au Oktoba, wala chuo hakimngoji mtu.

Kwa hiyo barua inayolala mezani mwezi mmoja yaweza kumpotezea kijana mwaka mzima. Wahusika wanazijua tarehe hizo. Maombi yaamuliwe kabla ya Juni, na anayekataliwa aambiwe mapema ili mzazi wake atafute njia nyingine.

Nao vijana wakumbuke kwamba fedha hizo ni jasho la mkulima wa karafuu na mvuvi. Wamalizapo, warejee kulilipa kwa kazi. Lakini ili warejee, hawana budi kwanza kwenda. Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako.