Vifaa vya Michezo ya Mwendo: Kuteka Soko si Kulishika

Tangu mwaka 2006 umekuwapo ubishi mkali miongoni mwa watengenezaji wa michezo ya video. Swali ni moja: je, vifaa vinavyomtaka mchezaji ainuke kitini, arushe mkono na kupiga teke badala ya kubonyeza vitufe, vina soko la kudumu, au ni moto wa mabua? Tumeona yafaa kulipima jambo hili mbele ya ndugu zetu askari wa jeshi na polisi kwa sababu mbili. Kwanza, wengi wao wanao vijana nyumbani wanaovitamani vifaa hivi, na mshahara wa askari ndio utakaovilipia. Pili, historia ya vifaa hivi ina somo ambalo kila askari analijua: kuteka kilima ni kazi moja, na kukishika ni kazi nyingine.

Tuanze na ushindi. Mwezi Novemba 2006 kampuni ya Nintendo ya Japani ilitoa mtambo wa Wii, ambao nchini Marekani uliuzwa kwa dola 249.99. Mitambo ya wapinzani wake, Sony na Microsoft, ilikuwa na nguvu zaidi. Nintendo haikupambana nao kwa nguvu, bali ilimpa mchezaji kishikio chepesi kinachotambua mwendo wa mkono, hata akaweza kucheza tenisi sebuleni kwa kupunga mkono tu. Wazee na akina mama ambao hawakuwahi kugusa michezo hiyo walijiunga. Mitambo zaidi ya milioni 101 iliuzwa.

Wapinzani walipoona hivyo, walishika njia hiyo hiyo katika mwaka 2010. Sony ilitoa kishikio cha Move. Microsoft ilitoa Kinect, kamera inayousoma mwili mzima wa mchezaji asiyeshika kitu chochote mkononi. Kinect ilianza kuuzwa Marekani tarehe 4 Novemba 2010 kwa dola 149.99, na katika siku 60 za kwanza ziliuzwa milioni 8. Waliotabiri kwamba enzi ya vitufe imekwisha walionekana kuwa na haki.

Lakini wahenga walisema, kipya kinyemi ingawa kidonda. Mwezi Februari 2013 Microsoft yenyewe ilitangaza kwamba imeuza mitambo ya Xbox 360 milioni 76, na Kinect milioni 24. Kwa maneno mengine, hata mtambo mmoja kati ya mitatu haukuwa na kamera hiyo. Hapo ndipo penye kiini cha shauri lote. Mtengenezaji wa mchezo hupiga hesabu kabla ya kutoa fedha yake. Akitengeneza mchezo wa vitufe, wenye mitambo wote waweza kuununua; akitengeneza mchezo wa kamera, amekwisha kuwapoteza zaidi ya theluthi mbili. Basi huacha. Mnunuzi naye, akiona michezo mipya haiji, hukitia kifaa kabatini. Jirani yake akiliona kabati hilo, hanunui. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kinect ilikaribishwa kwa shangwe, lakini siku ya tatu jembe halikupatikana.

Watetezi wa Kinect walijibu kwamba dawa ni kumpa kila mnunuzi kamera ndani ya sanduku moja na mtambo, kama Nintendo ilivyofanya na kishikio chake. Hoja hiyo haikukosa akili, na ilijaribiwa. Mwezi Novemba 2013 Microsoft ilitoa Xbox One pamoja na Kinect kwa dola 499. Mwezi huo huo Sony ilitoa PlayStation 4 bila kamera kwa dola 399. Wanunuzi wengi walikataa kulipa dola 100 za ziada kwa kitu wasichokiona faida yake. Mwezi Juni 2014 Microsoft ilianza kuuza mtambo wake bila kamera, na mwaka 2017 ikaacha kabisa kutengeneza Kinect.

Je, tuseme basi kwamba michezo ya mwendo haina soko? La hasha. Mwaka 2019 Nintendo ilitoa Ring Fit Adventure kwa ajili ya mtambo wake wa Switch. Huo ni mduara wa kubana na kuvuta kwa mikono, ukiuzwa pamoja na mchezo wake wa mazoezi ya viungo. Nakala zaidi ya milioni 15 zimeuzwa. Kifaa hicho hakikungoja wengine wakitafutie kazi. Kilikuja na kazi yake mkononi, na kazi yenyewe, kuulinda mwili, haichakai.

Kwa maoni yetu, kifaa cha mwendo hudumu sokoni kikitimiza masharti matatu: kisizidishe mno bei ya mtambo wenyewe, kije na kazi yake, na kazi hiyo iwe ambayo vitufe haviwezi kuifanya. Kwa kipimo hicho, hata miwani ya kisasa ya kuingia ndani ya mchezo tunaitazama kwa tahadhari. Mwaka 2023 Sony ilitoa miwani ya PlayStation VR2 kwa dola 549.99, hali mtambo unaoiendesha, PlayStation 5, ulitoka mwaka 2020 kwa dola 499.99. Tandiko likimzidi farasi bei, wanunuzi watakuwa wachache.

Haifai, hata hivyo, kudhani kwamba kilichoshindwa sokoni hakina maana. Mwaka 2014 iliripotiwa kwamba Korea Kusini ilikuwa ikitumia teknolojia ya Kinect kulinda eneo lisilo la kijeshi baina yake na Korea Kaskazini, kwa kuwa iliweza kumbagua mtu na mnyama. Kamera iliyokosa kazi sebuleni ikaipata lindoni. Lakini jicho linaloweza kulinda mpaka laweza pia kuchungulia nyumba. Kifaa chenye kamera na kinasa sauti si cha kuwashwa ovyo katika nyumba za askari, mahali ambapo mazungumzo ya kazi hayakosekani.

Ushauri wetu kwa ndugu askari ni mfupi. Kabla ya kutoa fedha, usiulize ni wangapi walikinunua kifaa siku kilipotoka. Uliza kitafanya kazi gani nyumbani mwako mwaka utakaofuata. Kikikosa jibu, kiache dukani.