Mtoto Amekushinda? Usimkabidhi kwa Mtu Kabla Hujasoma Haya



Ndugu zangu, mwezi uliopita baada ya swala ya Alasiri alinijia mama mmoja na mwanawe wa miaka 13. Hajakaa vizuri akasema, "Shehe, huyu kanishinda. Mchukue wewe, umnyooshe." Mtoto kainama. Kwenye kifundo cha mguu wake nikaona kovu la mnyororo.

Nilipouliza, mama akaanza kulia. Kijana anajibu jeuri, anatoroka madrasa, anarudi nyumbani usiku. Mama alishampeleka kwa waganga wawili, kila mmoja akataja jini lake na bei yake. Kisha akaelekezwa kwenye kituo kimoja cha kurekebisha tabia, akalipa ada ya miezi mitatu. Huko ndiko alikofungwa. Wiki ya tano mtoto akatoroka, akarudi nyumbani kwa miguu. Pesa iliyokwenda ilikuwa mtaji wa mama wa vitumbua.

Simlaumu mama huyu, na nyinyi msimlaumu. Mtu anayezama hushika chochote. Na mimi mwenyewe nina sehemu yangu katika kosa hili. Miaka ya nyuma nikifundisha madrasa, wazazi waliniletea watoto wakaidi, nami niliwapokea kwa bakora. Mbele yangu walinyooka, nikajiona mwalimu hodari. Mmoja wao nilikutana naye akiwa mtu mzima. Aliponiona akavuka barabara ili asinisalimie. Siku ile nilielewa kwamba nilimfundisha woga, nikauita adabu.

Sasa tazameni Mtume wetu (Swalla Allahu alayhi wa sallam) alivyomfanyia mtoto aliyekataa kutumwa. Anas bin Malik (Radhiya Allahu anhu) alimtumikia tangu udogoni. Anasimulia mwenyewe kwamba siku moja alitumwa jambo, akaapa kuwa haendi, ingawa moyoni alikusudia kwenda. Akatoka, akawakuta watoto wanacheza sokoni, akabaki hapo. Mara akahisi mtu kamshika shingo kwa nyuma. Akageuka, akamuona Mtume anacheka! Akamwita kwa jina la kumdekeza, Unays, akamuuliza kama ameshakwenda alikotumwa. Anas akajibu kuwa ndiyo anakwenda.

Zingatieni hapo. Mtume hakuifuta amri yake, kazi ilibaki pale pale. Lakini alimfuata mtoto mwenyewe, akamgusa, akatabasamu, akamkumbusha. Upole na msimamo vilikuwa pamoja. Sisi wengi tuna kimoja tu: ama tunapiga kelele, ama tunanyamaza na kumuacha afanye atakalo.

Najua kuna atakayesema, "Shehe, mbona kuna hadithi ya kupigwa wakifika miaka kumi?" Ndiyo, ipo, ameipokea Abu Daud, nayo inahusu swala. Lakini inaanza na kuwaamrisha wakiwa na miaka saba. Kati ya saba na kumi kuna miaka mitatu, na kwa swala tano kila siku hizo ni zaidi ya mara 5,000 za kumwita, kumfundisha na kusimama naye. Nani kati yetu amefika hata mara 500? Na wanazuoni wakaweka mipaka: si usoni, si kwa hasira, si pigo la kujeruhi. Mnyororo na waya wa umeme havina hadithi. Hiyo ni dhuluma, na tutaulizwa.

Basi msaada wa kweli ni upi? Nilichomwambia mama yule ndicho ninachowaambia nyinyi: msaada unaofaa unaanza na mzazi. Anayekwambia "niachie mimi, wewe nenda" hajakusaidia, kwa sababu mtoto atarudi kwenye nyumba ile ile, maneno yale yale, na ugomvi ule ule.

Nilimpa kazi hizi:

1. Kila siku dakika kumi na mtoto bila nasaha wala lawama. Amsaidie kuchoma vitumbua, wazungumze mpira, chochote.
2. Akitaka kumtuma, amsogelee, aseme jambo moja kwa sauti ya chini. Asipige kelele akiwa jikoni.
3. Akitii, hata kidogo, amsifu hapo hapo. Nilimuuliza mara ya mwisho kumwambia neno zuri ilikuwa lini. Hakukumbuka.
4. Adhabu iwe ndogo, ijulikane mapema, na itekelezwe. Mfano, akichelewa kurudi, kesho hatoki kucheza. Asitishie asichoweza kufanya.
5. Baba, mama na bibi wawe na neno moja. Mmoja akikataza na mwingine akiruhusu kwa siri, mtoto hujifunza ujanja.

Haya ndiyo wanayofundisha pia wataalamu wa malezi, na ukisoma sira utayakuta. Yanataka wiki nyingi, na mara nyingi siku za mwanzo mtoto huzidisha ukaidi ili akupime. Usikate tamaa hapo.

Lakini kuna mambo yanayozidi uwezo wa nyumba. Mtoto aliyebadilika ghafla, asiyelala, anayejiumiza au kuumiza wenzake, anayevuta bangi, au aliyefika madarasa ya juu na bado hajui kusoma: mpeleke hospitali, zungumza na mwalimu wake, nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yako. Tanzania na Kenya ipo namba 116 ya huduma kwa mtoto, kupiga ni bure. Kutafuta tiba ni Sunna, hakupunguzi tawakkul. Na Qur'ani ni shifaa, msomee mwanao wewe mwenyewe kila usiku, mkono wako juu ya kichwa chake. Haihitaji kulipiwa.

Na yeyote unayetaka kumkabidhi mtoto, awe shehe kama mimi au mtaalamu, muulize matatu. Utatusikiliza mimi na mwanangu kabla ya kusema tatizo ni nini? Nitaruhusiwa kumuona mtoto wakati wowote? Utanipa mimi kazi gani nyumbani? Akikwepa hata moja, mshike mwanao mkono muondoke.

Mwisho, wazazi wenzangu, msione aibu. Nabii Nuh (Alayhi salaam) alimlingania mwanawe mpaka mawimbi yakawatenganisha, na mtoto akakataa. Uongofu uko kwa Allah. Lakini rejea Sura ya Hud: hata saa ile alimwita kwa neno la mapenzi, neno lile lile alilolitumia Luqman kwa mwanawe. Hakumtukana. Na Mtume ametukataza kuwaombea watoto wetu mabaya, isije ikawa saa ya kujibiwa dua. Ulimi unaosema "utakufa vibaya wewe" ugeuzwe useme "Allah akuongoze".

Mama yule alirudi juzi. Mtoto bado anajibu, bado madrasa anakwenda kwa kusukumwa. Lakini asubuhi moja aliamka kabla ya adhana ya Alfajiri, akamkuta mwanawe ameshawasha jiko la vitumbua bila kutumwa. Alinisimulia huku analia tena.

Ewe Mola wetu, tutengenezee vizazi vyetu, tupe subira ya kuwalea, na utusamehe tulipowavunja tukidhani tunawanyoosha. Aamiin.

Mfikishie mzazi mmoja unayemjua amechoka. Wabillahi tawfiq.