Dhahabu Yetu, Hisa Zao

Makamanda, leo tuongee hela.

Kuna kitu kinaitwa ETF. Ni mfuko unaokusanya hisa za kampuni nyingi, halafu unagawanywa vipande vinavyouzwa sokoni kama hisa ya kawaida. Ukinunua kipande kimoja, umegusa kampuni zote zilizomo. Makato huwa madogo, maana mifuko mingi ya aina hii inafuata tu orodha iliyopangwa. Bei inapanda, na inashuka pia, asikudanganye mtu.

Sasa sikia. New York kuna ETF ya kampuni za dhahabu inaitwa GDX, ipo tangu 2006. Ndani yake kuna AngloGold Ashanti, wenye mgodi wa Geita. Kuna Barrick, wenye Bulyanhulu. Kijana wa Chicago, kwa simu yake tu, anamiliki kipande cha dhahabu inayochimbwa jirani na Katoro. Wewe wa Katoro unamiliki nini zaidi ya vumbi?

Msiniambie sheria haikuwepo. Mwaka 2016 serikali ilitunga kanuni: migodi mikubwa iuze asilimia 30 ya hisa zake kwa umma kupitia Soko la Hisa Dar es Salaam. Fungua orodha ya DSE, itafute GGM. Haipo. Acacia, iliyoingia 2011 ikiitwa African Barrick Gold, iliondoka 2019 baada ya Barrick kuinunua yote. Kanuni ikabaki karatasi.

Watakuja na hoja yao: "Serikali inawashikia asilimia 16 pale Twiga." Sawa, lakini zinashikwa na Hazina. Mama akiugua huwezi kuziuza, na gawio lake haliingii kwenye simu yako. Halafu kijana akipeleka laki mbili zake za bodaboda kwenye upatu wa WhatsApp, wanamwita mjinga. Nani alimwonyesha njia ya halali?

Kenya hawana mgodi wa kufanana na Geita, lakini soko la Nairobi lina ETF ya dhahabu, NewGold, tangu 2017. Sisi wenye dhahabu tunashindwa nini?

Tunadai mawili. Migodi iuze hisa kwa wananchi. Kisha iundwe ETF ya madini yetu pale DSE, kipande kiwe cha bei ambayo mchimbaji mdogo anaimudu.

Mgombea akija Katoro kuomba kura, muulize swali moja tu: hisa za Geita tunazinunua wapi? Akianza kuzunguka, jibu mmeshapata.