Tudai Swichi ya Kweli

Swichi ya taa ukutani ukiibonyeza, umeme hukatika. Ile iliyochorwa kwenye kioo cha simu haikati chochote. Ni ombi tunalolipeleka kwa programu, nayo programu hutii kwa kadiri alivyopenda aliyeiandika.

Ushahidi upo. Tangu mwaka 2017, mwenye iPhone akizima Wi-Fi kwa kugusa alama yake ya haraka, simu huuacha tu mtandao ule iliojiunga nao. Redio yenyewe inabaki hai, na saa kumi na moja alfajiri simu huanza tena kujiunganisha yenyewe. Mwaka 2018 ikabainika kwamba Google iliendelea kuhifadhi mahali watu walipopita ingawa walikuwa wamezima kumbukumbu ya mahali, kwa sababu mpangilio mwingine, ambao wengi hawakuujua, ulibaki wazi. Mwaka 2022 kampuni hiyo ikakubali kuyalipa majimbo 40 ya Marekani dola milioni 391.5.

Hao walau ni wafanyabiashara. Kuna Pegasus, programu ya kijasusi ya kampuni ya NSO Group ya Israel, inayoweza kuingia katika simu bila mwenyewe kugusa kitu, kisha ikafungua kamera na maikrofoni. Mwaka 2021 wataalamu wa Amnesty International walikuta alama zake katika simu ya Carine Kanimba, binti wa Paul Rusesabagina, mkosoaji wa serikali ya Rwanda. Serikali ya Rwanda ilikana kuhusika. Lakini ajiulize kila mmoja wetu: kitufe cha kwenye kioo kitamfaa nini mtu, ikiwa aliyeingia anaitawala hata programu inayokichora?

Dawa ni kukata umeme wenyewe. Simu ya Librem 5, ya kampuni ya Purism ya Marekani, ina swichi tatu ubavuni: ya mtandao wa simu, ya Wi-Fi na Bluetooth, na ya kamera na maikrofoni. Ukizizima zote tatu, GPS na vihisi vingine navyo hulala. Simu nyingine, PinePhone, imezificha zake chini ya mfuniko wa nyuma, ndogo mno, utahitaji kucha au ncha ya kalamu kuzigeuza. Hakuna mdukuzi wa kuziwasha kutoka mbali.

Simu hizi si nyepesi wala si za kasi, na simshauri muuza duka wa Kariakoo akimbilie kuzinunua. Wala swichi hairudishi ulichokwisha kutuma, na maadamu laini iko hewani, minara inajua ulipo. Ninachosema ni kwamba jambo hili limewezekana kwa kampuni ndogo. Wanaoweza kutupachikia kamera tatu mgongoni mwa simu hawawezi kushindwa na swichi moja ubavuni!

Wapo watakaosema hawana cha kuficha. Je, daktari anayezungumza na mgonjwa, simu ikiwa mezani? Wakili na mteja wake? Siri ile si yao, ni amana.

Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019, Tanzania tangu 2022, na zote zinasisitiza ridhaa ya mhusika. Basi wabunge na wasimamizi wa sheria hizo wawaulize watengenezaji: ridhaa hiyo mtu anaiondoaje kwa mkono wake mwenyewe? Nawe msomaji, siku utakapokwenda kununua simu, kabla hujauliza ina kamera ngapi, muulize muuzaji zinazimwa wapi.