JINA LA MTUNZI LISIACHWE NYUMA

Wako wenzangu chamani wanaoshikilia kwamba wimbo ukishaimbwa ni wa wote, jina la mtunzi la nini? Mimi napinga, na ushahidi wangu nautoa mbali, nchini Misri.

Katika Kairo ya kale pana sinagogi la Ben Ezra. Kwa desturi Wayahudi hawatupi ovyo maandishi yenye jina la Mungu, kwa hivyo hati zilizochakaa ziliwekwa ghalani humo kwa karne nyingi. Mwishoni mwa mwaka wa 1896 Solomon Schechter, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Cambridge, alifunga safari hadi huko. Vipande alivyopeleka Uingereza vyapata 193,000. Si mchezo!

Baadhi ni ngozi zilizoandikwa mara mbili. Chini kulikuwa na Biblia ya Kigiriki iliyotafsiriwa na Akwila. Ikafutwa, na juu yake zikaandikwa nyimbo za ibada za Kiebrania. Wataalamu walikimbilia Kigiriki, kikachapishwa mwaka wa 1897. Nyimbo zikakaa zikingoja. Mwaka wa 1919 ndipo Israel Davidson alipozichapisha, akaonyesha kuwa ni za Yannai, mtunzi aliyeishi Palestina yapata karne ya 6.

Alijuaje? Yannai alikuwa na desturi ya kuanzisha mistari kwa herufi za jina lake. Ukizifuata moja moja, jina laja lenyewe! Baadaye tungo zake nyingine zikatambuliwa, na mwaka wa 1938 Menahem Zulay akazitolea kitabu kizima. Mtu aliyekuwa karibu kusahaulika akarudishiwa mali yake.

Watasema kutaja jina ni kujigamba. La hasha! Je, waliosali kwa nyimbo hizo walipungukiwa na nini kwa sababu Yannai alijitaja?

Nami nakiri kosa langu. Nikiwa kidato cha kwanza, nyanya yangu aliniimbia wimbo wa harusi nikaunakili. Alinitajia na aliyeutunga, lakini sikuandika, nilidhani nitakumbuka. Nyanya sasa hayupo, na jina limenitoka. Daftari ninalo, maneno yote yamo, mwenyewe hayumo.

Basi jamani, kila utungo uingiao katika daftari la chama chetu uandamane na jina la mtunzi. Asipojulikana, tuandike tuliupata kwa nani, wapi na lini. Wahenga hawakukosea: mali bila daftari hupotea bila habari.